Uongozi wa walimu

Uongozi wa walimu ni hali ya walimu wa darasani kushika dhamana ya kuongoza kazi za shule, hasa ufundishaji na ujifunzaji, kwa kushirikiana na mkuu wa shule na bila kuacha kufundisha. Mwalimu anayeongoza anaweza kuwa na cheo, kama vile mkuu wa idara au mwalimu wa taaluma. Anaweza pia kuwa hana cheo chochote: mwalimu ambaye wenzake humwendea wanapokwama katika mada fulani tayari anaongoza.

Dhana hii ni tofauti na uongozi wa shule kwa maana ya kawaida, ambao humhusu zaidi mwalimu mkuu wa shule ya msingi au mkuu wa shule ya sekondari. Hata hivyo, aina hizi mbili hutegemeana. Mkuu wa shule hawezi kuwa katika kila darasa, na mwalimu hawezi kuongoza wenzake kama mkuu wake hampi nafasi. Kwa sababu hiyo, mifumo mingi ya elimu hutafuta njia za kuwahimiza walimu washike majukumu ya uongozi. Ugumu wake uko katika mambo mawili: kumpa mwalimu nafasi hiyo bila kumwondoa darasani, na kumpa kazi pamoja na mamlaka yanayotosha kuifanya.

== Maana ==

Kazi za mwalimu anayeongoza huweza kugawanywa katika makundi matatu.

* Uongozi wa ufundishaji: kuwasaidia walimu wenzake kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, kuwapokea walimu wapya, kuangalia wenzake wakifundisha na kuwapa maoni, na kuchambua matokeo ya mitihani.
* Uongozi wa malezi na utaratibu: kusimamia nidhamu, ushauri nasaha, usafi, michezo, chakula cha mchana, mabweni na klabu za wanafunzi.
* Uongozi wa uhusiano na jamii: kuzungumza na wazazi, kuwawakilisha walimu katika kamati au bodi ya shule, na kushiriki katika vyama vya walimu.

Mfano ufuatao unaonyesha kundi la kwanza. Mwalimu wa Hisabati anasahihisha madaftari na kugundua kwamba wanafunzi wengi, wakiambiwa wajumlishe nusu na theluthi, wanaandika mbili ya tano. Wamejumlisha viasi peke yake na asili peke yake. Akiishia kulirekebisha kosa hilo katika darasa lake, amefanya kazi ya ualimu. Akiwauliza walimu wa madarasa mengine kama nao wameliona, wakakaa pamoja kutafuta mada hiyo ilianza kupotea katika darasa la ngapi, wakakubaliana njia moja ya kuifundisha kwa vipande vya karatasi na kisha wakapima tena baada ya wiki chache, mwalimu huyo ameongoza. Hakuhitaji barua ya uteuzi. Alihitaji muda, wenzake waliokuwa tayari kusikiliza, na mkuu wa shule ambaye hakuona kuwa anaingiliwa.

== Historia ya dhana ==

Wazo kwamba walimu wenye uzoefu washirikishwe katika uongozi si geni. Pendekezo la mwaka 1966 la Shirika la Kazi Duniani na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu lilisema kwamba nafasi za madaraka katika elimu, zikiwemo za ukaguzi na uendeshaji, zipewe kadiri iwezekanavyo walimu wenye uzoefu. Pendekezo hilo ndilo linalokumbukwa kila tarehe 5 Oktoba katika Siku ya Walimu Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1994.

Uongozi wa walimu kama uwanja wa utafiti ulikua zaidi nchini Marekani. Mwaka 1975 mwanasosholojia Dan Lortie alichapisha kitabu kuhusu kazi ya ualimu kilichoeleza jinsi walimu wanavyofanya kazi kwa upweke, kila mmoja na darasa lake, mfano wa mayai katika trei. Mwaka 1986 jopo lililoundwa na taasisi ya Carnegie lilipendekeza shule ziwe na walimu viongozi ambao wangesimamia ubora wa ufundishaji pamoja na wenzao. Mwaka 1996 Marilyn Katzenmeyer na Gayle Moller walichapisha kitabu kilichowafananisha walimu wenye uwezo wa kuongoza na jitu lililolala ambalo linapaswa kuamshwa.

Kuanzia miaka ya 2000 wazo hilo liliungana na nadharia ya uongozi shirikishi, iliyoendelezwa na watafiti kama James Spillane nchini Marekani na Alma Harris nchini Uingereza. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, uongozi wa shule hauko ndani ya mtu mmoja. Unapatikana katika namna watu wengi wanavyofanya kazi pamoja.

== Nafasi za uongozi katika shule za Tanzania ==

Nchini Tanzania shule za msingi na sekondari za serikali husimamiwa na mamlaka za serikali za mitaa chini ya TAMISEMI, huku sera na mitaala ikiwa chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Masuala ya utumishi wa walimu hao, kama vile kupandishwa vyeo na nidhamu, hushughulikiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015.

Ndani ya shule, uongozi huanza kwa mkuu na msaidizi wake: mwalimu mkuu na mwalimu mkuu msaidizi katika shule ya msingi, mkuu wa shule na makamu wake katika sekondari. Chini yao huwa na nafasi ambazo hushikwa na walimu wanaoendelea kufundisha.

* Mwalimu wa taaluma hupanga ratiba ya vipindi, hufuatilia maandalio ya masomo, huratibu mitihani ya ndani na kutunza kumbukumbu za maendeleo ya wanafunzi.
* Mwalimu wa nidhamu au wa malezi hushughulikia mwenendo wa wanafunzi na matatizo yao.
* Mkuu wa idara, hasa katika sekondari, huongoza walimu wa somo moja au masomo yanayokaribiana.
* Mwalimu wa darasa hutunza mahudhurio na huwa kiungo cha kwanza kati ya shule na mzazi.
* Mwalimu wa zamu husimamia siku au wiki nzima ya shule: mstarini, usafi, mahudhurio na matukio, na huandika taarifa yake katika kitabu cha zamu.
* Walimu walezi husimamia mabweni, klabu, michezo na serikali ya wanafunzi.

Kwa hiyo karibu kila mwalimu wa Tanzania amewahi kuongoza jambo fulani, angalau kwa zamu. Zamu ni nafasi ya kwanza ya uongozi kwa walimu wengi wapya. Katika wiki hiyo mwalimu kijana husimama mbele ya shule nzima, huamua la kufanya mvua inaponyesha wakati wa mstarini au mtoto anapougua, na hutoa taarifa mbele ya walimu waliomzidi umri.

Mafunzo rasmi ya uongozi hutolewa na Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu (ADEM), wenye makao yake Bagamoyo. Mafunzo ya ufundishaji yanayofanyika shuleni yamepangwa chini ya mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaojulikana kwa kifupi kama MEWAKA, ambao moduli zake huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Msingi wake ni jumuiya za ujifunzaji: walimu wa shule moja hukutana, huchagua tatizo la ufundishaji, hulijadili, hujaribu suluhisho darasani na kurudi kueleza kilichotokea. Vikao hivyo huongozwa na walimu wenyewe.

== Umuhimu ==

Sababu ya kwanza ni ukubwa wa kazi. Baada ya ada kufutwa katika elimumsingi ya serikali nchini Tanzania kuanzia mwaka 2016, uandikishaji wa wanafunzi uliongezeka sana, na shule nyingi zikawa na wanafunzi wengi kuliko madarasa na walimu waliopo. Mkuu wa shule ya namna hiyo hutumia siku yake kwa taarifa za halmashauri, wazazi, ujenzi, fedha na wageni. Kama yeye peke yake ndiye anayefuatilia ufundishaji, ufuatiliaji huo haufanyiki.

Sababu ya pili ni uhamisho. Wakuu wa shule huhamishwa, hustaafu au huvuliwa madaraka. Katika shule ambayo kila jambo hutegemea mtu mmoja, kuondoka kwake hurudisha shule nyuma, hata kama alikuwa hodari kiasi gani. Pale ambapo idara zina mazoea yao ya kukutana, kutunga mitihani kwa pamoja na kupokea walimu wapya, mkuu mpya hukuta shule inayotembea.

Sababu ya tatu ni ujifunzaji wa wanafunzi. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2008 na Viviane Robinson na wenzake ulionyesha kwamba viongozi wa shule huathiri zaidi matokeo ya wanafunzi wanapohimiza na kushiriki wenyewe katika mafunzo ya walimu, kuliko wanapojishughulisha na mambo mengine ya uongozi. Kazi hiyo inahitaji ujuzi wa somo, na hakuna mkuu anayejua masomo yote. Mkuu aliyesomea Historia humhitaji mwalimu wa Fizikia ili kujua kama jaribio la maabara limefundishwa ipasavyo.

Sababu ya nne ni kuwabakiza walimu wazuri darasani. Katika mifumo mingi njia pekee ya mwalimu kupata heshima na kipato zaidi ni kwenda ofisini: kuwa mkuu wa shule, afisa elimu kata, mthibiti ubora au afisa wa wilaya. Kila anayepanda kwa njia hiyo hufundisha vipindi vichache zaidi au huacha kabisa. Hivyo mfumo unaweza kumzawadia mwalimu bora wa hisabati kwa kumtenga na hisabati. Nafasi za uongozi zinazobaki darasani hupunguza hasara hiyo.

== Vikwazo ==

Walimu wengi hukataa au hukwepa nafasi za uongozi, na mara nyingi wana sababu za msingi.

Kikwazo cha kwanza ni muda. Mwalimu wa taaluma mwenye vipindi sawa na wenzake hupanga ratiba na kukusanya alama jioni au nyumbani. Pale penye upungufu wa walimu, kumpunguzia mmoja vipindi kuna maana ya kumwongezea mwingine.

Kikwazo cha pili ni malipo. Nchini Tanzania wakuu wa shule hupewa posho ya madaraka, lakini kwa kawaida majukumu kama ya mwalimu wa darasa, wa zamu au mlezi wa klabu huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi za ualimu. Mwalimu anaweza kushika nafasi ngumu kwa miaka mingi bila tofauti yoyote katika mshahara wake.

Kikwazo cha tatu ni kazi bila mamlaka. Mkuu wa idara huweza kulaumiwa kwa matokeo ya somo huku akiwa hana sauti katika ununuzi wa vitabu, mgawanyo wa vipindi au mpangilio wa walimu. Akikosolewa mbele ya wenzake kwa uamuzi aliokabidhiwa kuufanya, hujifunza kwamba ni salama zaidi kusubiri maelekezo.

Kikwazo cha nne hutoka kwa walimu wenyewe. Utafiti wa Susan Moore Johnson na Morgaen Donaldson uliochapishwa mwaka 2007 ulieleza desturi tatu zinazowazuia walimu viongozi nchini Marekani: kila mwalimu kujitawala katika darasa lake, imani kwamba walimu wote ni sawa, na heshima kwa waliotangulia kazini. Desturi kama hizo zinafahamika pia katika ofisi za walimu za Afrika Mashariki. Mwalimu kijana anayejitolea huweza kuambiwa anajipendekeza kwa mkuu. Anayetakiwa kumwangalia mwalimu mkongwe akifundisha hujikuta katika hali ngumu, kwa kuwa adabu humtaka mdogo asimkosoe mkubwa.

Kikwazo cha tano ni jinsia. Katika nchi nyingi wanawake ni sehemu kubwa ya walimu, lakini ni wachache zaidi kati ya wakuu wa shule. Miongoni mwa sababu ni uteuzi unaofanyika bila nafasi kutangazwa, kazi za nyumbani zinazomzuia mwalimu kubaki shuleni jioni, na uteuzi unaoambatana na uhamisho wa mbali na familia.

== Njia za kuwahimiza walimu ==

=== Jukumu dogo lenye mipaka wazi ===

Mwalimu huanza kwa urahisi zaidi anapopewa jambo moja linaloeleweka, lenye muda maalumu, kuliko cheo kipana. Kuongoza klabu ya kusoma kwa muhula mmoja au kuratibu mtihani wa majaribio wa somo moja ni mifano yake. Ni muhimu aelezwe tangu mwanzo mambo anayoweza kuyaamua mwenyewe na yale ambayo lazima ayapeleke kwa mkuu.

=== Kutenga muda ===

Muda wa uongozi ukiingizwa katika ratiba ya shule hulindwa. Ukiachwa nje yake hupotea. Njia inayowezekana hata penye walimu wachache ni kupanga vipindi ili walimu wa idara moja wawe huru kwa saa ileile mara moja kwa wiki. Nyingine ni kufupisha vikao vya matangazo na kutumia muda uliobaki kwa jumuiya ya ujifunzaji.

=== Kuangaliana bila kuhukumiana ===

Ugumu wa kumwangalia mkubwa akifundisha hupungua pale anayeongoza anapofungua kwanza darasa lake mwenyewe. Mwalimu kijana akianza kwa kuwaalika wakongwe waje waone somo lake na wamwambie kilichopungua, adabu haivunjiki na mazungumzo huanza. Nchini Japani utaratibu wa utafiti wa somo hufuata mantiki inayokaribiana na hiyo: walimu huandaa somo kwa pamoja, mmoja hulifundisha wengine wakiangalia, na mjadala huwa juu ya somo na namna wanafunzi walivyolipokea. Kwa kuwa somo ni la wote, kasoro zake si aibu ya aliyelifundisha.

=== Mafunzo kabla ya uteuzi ===

Kufundisha watoto na kuongoza watu wazima ni stadi mbili tofauti. Mwalimu anahitaji kujifunza kuendesha kikao, kusuluhisha ugomvi, kusoma takwimu za matokeo, kupanga bajeti ndogo na kutoa maoni yasiyoumiza. Mafunzo hayo yakitolewa kabla ya uteuzi, shule na halmashauri hupata hazina ya watu walio tayari, na anayekaimu nafasi ya mkuu haanzi bila maarifa.

=== Uteuzi wa haki na kutambuliwa ===

Nafasi zikitangazwa ofisini, vigezo vikajulikana na majukumu yakazunguka baada ya muda, minong'ono ya upendeleo hupungua na wanawake pamoja na walimu vijana hupata nafasi. Kutambuliwa si lazima kuwe kwa fedha, ingawa fedha ni muhimu. Barua ya pongezi katika jalada la mwalimu, kutajwa mbele ya wazazi, au jukumu kuhesabiwa wakati wa kupandishwa cheo huonyesha kwamba kazi imeonekana.

== Mifano ya nchi nyingine ==

Nchini Kenya, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika sekondari, uliojulikana kama SMASSE, ulianza mwaka 1998 kwa ushirikiano wa serikali na shirika la Japani la JICA. Mafunzo yalishuka kwa ngazi: wakufunzi wa taifa waliwafundisha wakufunzi wa wilaya, na hawa wa wilaya walikuwa walimu wa sekondari waliokuwa bado wakifundisha. Hivyo walimu waliwafunza walimu wenzao mbinu walizokuwa wakizitumia katika madarasa yao.

Nchini Singapore walimu wana njia tatu za kupanda kazini, zilizoanzishwa mwaka 2001: njia ya ufundishaji, njia ya uongozi na njia ya ubingwa. Anayechagua ufundishaji anaweza kupanda hadi vyeo vya juu vya mwalimu bingwa, ambavyo kazi yake ni kuwakuza walimu wengine, bila kulazimika kuwa mkuu wa shule.

Nchini Uingereza kulikuwa na cheo cha mwalimu mwenye stadi za juu kuanzia mwaka 1998 hadi 2013. Mwalimu huyo alifundisha darasa lake kwa asilimia 80 ya muda wake, na asilimia 20 iliyobaki, sawa na siku moja kwa wiki, ilitengwa kwa ajili ya kuwasaidia walimu wengine, wakiwemo wa shule nyingine. Utaratibu huo ulikuwa na gharama, kwa kuwa kila siku iliyotolewa ilipaswa kujazwa na mwalimu mwingine.

== Ukosoaji ==

Wakosoaji hueleza kwamba neno uongozi wa walimu hutumika kwa maana nyingi mno. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Jennifer York-Barr na Karen Duke mwaka 2004 yalionyesha kwamba dhana hiyo haikuwa na maana moja iliyokubalika, na kwamba ushahidi wa athari zake za moja kwa moja kwa wanafunzi ulikuwa mchache kuliko maandishi yanayoisifu.

Ukosoaji mwingine unahusu haki za wafanyakazi. Serikali au shule inaweza kutumia lugha ya uongozi ili kuhamishia kwa walimu kazi ambazo zingepaswa kufanywa na makarani, wahasibu, washauri nasaha au walimu wa ziada. Katika hali hiyo mwalimu haongozi, anaziba pengo. Kipimo kinachotumika mara nyingi kutofautisha mambo hayo mawili ni uamuzi: je, mwalimu aliyepewa jukumu anaweza kubadilisha jambo lolote kwa kauli yake? Kama anaweza, amepewa uongozi. Kama kazi yake ni kutekeleza na kujaza fomu tu, ameongezewa kazi.